Mpimaji wa Maji na Zizi Nililolisingizia

Ujumbe ulinifikia Jumanne asubuhi nikiwa kwa kinyozi hapa Nakuru, nusu ya kichwa kikiwa kimeshanyolewa. Ulitoka kwenye namba ya mzee mmoja tuliyejuana kikazi, kwa hivyo nikadhani ni yeye. "Baba ametutoka alfajiri. Mazishi ni leo baada ya Alasiri." Aliyeandika alikuwa binti yake, akitumia simu ya marehemu kuwaarifu wote aliowakuta humo. Juu ya maneno hayo, kwenye kioo hichohicho, ulikuwapo ujumbe wa mwisho alioniandikia mwenyewe masika yalipoanza mwaka huu. Ulikuwa wa neno moja: "Wamepanda." Juu ya huo kulikuwa na mwingine wa mwaka jana, neno lilelile, na mwingine wa mwaka juzi. Chini ya kila mmoja lilikuwapo jibu langu, jibu la mtu anayetaka tu aonekane amejibu: "Shukran mzee." Kinyozi aliniuliza kama nimepata habari mbaya. Nikamwambia amalizie upesi.

Wasomaji wangu wa siku nyingi hawamjui, ingawa wamewahi kusoma kazi yake bila kujua ni yake. Alikuwa mpimaji wa maji katika ofisi ambayo sitaitaja. Kwao ni hapahapa mjini, katika familia ambazo babu zao walipanda kutoka pwani enzi za reli wakaamua kubaki, lakini Kiswahili chake kilikuwa cha huku juu kama changu. Kazi yake ilikuwa kuzunguka vijito, kuanzia Mau hadi vilima vya nyuma ya Gilgil, akichota maji kwenye chupa na kuyapeleka maabara ili ijulikane yana rutuba kiasi gani. Maji nayo yana rutuba yake, naitrojeni na fosforasi, zilezile zilizomo kwenye gunia la mbolea. Ni kama chumvi kwenye mboga: ikikosekana hakuna kinachonoga, ikizidi chakula humwagwa. Alikuwa na penseli aliyoifunga kwa uzi kwenye kifungo cha shati, kwa sababu wino hutoka kwenye lebo chupa ikilowa, na kwa miaka yote niliyomfahamu sikuwahi kumwona na kalamu. Tulijuana kwa sababu ya kazi tu. Mimi nilihitaji habari, yeye alikuwa nazo, na mara moja moja tulikunywa chai pamoja.

Miaka michache iliyopita ripoti yake moja ilifika mezani kwangu. Ilisema kwamba kijito kimoja cha nyuma ya Gilgil, kinachoteremka hadi ziwani Naivasha, kilikuwa na rutuba kupita kiasi mahali penye ukuta wa zege. Ukuta huo ulijengwa na mradi wa maji ili bomba lipate kuvuta maji ya vijiji vya chini. Hatua chache juu ya ukuta, kwenye ukingo, palikuwa na zizi la ng'ombe wanne, mali ya mama mmoja aliyehamia pale kutoka Olenguruone mwaka uleule ukuta ulipojengwa. Kabla ya mwaka huo maji yalikuwa sawa. Baada yake yakaharibika. Ripoti ikataja sababu: kinyesi cha mifugo. Mungu anisamehe, nilifurahi kuipata, maana wiki ile nilikuwa na hasira na sikuwa na pa kuimwaga. Niliandika safu kali gazetini. Niliwasema watu wanaogeuza mto kuwa choo cha ng'ombe wao huku wengine wakichota maji ya kunywa, na kwa kuheshimu desturi ya ukurasa huu sikumtaja mtu. Niliandika tu "mwenye zizi lililo juu ya ukuta". Kwenye kijito kile kizima, zizi lililo juu ya ukuta lilikuwa moja.

Gazeti lilitoka Jumamosi. Jumatatu maziwa ya yule mama yalikataliwa kwenye kituo cha kukusanyia maziwa. Hakuna aliyeyapima, walimrudishia mtungi wake ukiwa umejaa, mbele ya foleni. Jumatano chifu alimpelekea notisi kwamba avunje zizi na aondoke ukingoni, na kwamba jambo hilo lingethibitishwa kwenye baraza la Alhamisi ya wiki ya pili. Mimi nilikuwa Nakuru nikipokea pongezi. Watu walinisimamisha barabarani kuniambia nimesema ukweli.

Jumamosi iliyofuata, siku tano kabla ya baraza, mpimaji alibisha mlangoni kwangu sijapiga hata mswaki. Alikuwa na mfuko wa plastiki uliokuwa na gazeti langu, limekunjwa, na chupa mbili. Nilimkaribisha akakataa kukaa. Alizitoa chupa akazipanga juu ya kizingiti cha dirisha. Moja ilikuwa na maji meupe kama yametoka bombani. Nyingine ilikuwa ya kijani, imekoza, na utando umeshika kwenye kioo. "Hii umeandika ni ripoti yangu," alisema akinionyesha gazeti. "Na ripoti yangu iko na makosa. Vaa viatu twende." Sikumbuki kama nilibishana. Nakumbuka nikifunga kamba za viatu.

Njiani alinieleza. Ofisini mwao kuna desturi ya zamani kwamba maji huchotwa pale kilipo kipimo, yaani kile kibao cha chuma chenye namba kinachoonyesha kimo cha mto, ili namba za mwaka huu zilinganishwe na za mwaka jana. Ukuta ulipojengwa, kipimo kilihamishwa kikafungwa kwenye zege lenyewe, upande wa chini, kwa sababu zege halisombwi na mafuriko. Chupa zikahama pamoja nacho. Desturi ya pili ni kwamba maji huchotwa masika yanapoanza, kwa kuwa ndipo mvua huosha uchafu wa mashamba na kuuteremsha. Hakuna mtu aliyefanya ujinga katika hayo yote, na ndiyo maana kosa lilikaa miaka miwili bila kuonekana. Alikuwa akifika, anachota, anasoma kipimo, anaandika kwa penseli, anaondoka kabla gari halijapoa. Safu yangu ilipotoka alijisikia mtu muhimu, akaenda Jumapili kukitazama kijito chake, bila gari la ofisi na bila haraka. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Kwa mara ya kwanza aliketi.

Alichokiona nilikiona na mimi tulipofika. Dimbwi lililo chini ya ukuta lilikuwa linachemka samaki. Walikuwa na ukubwa wa kiganja, magamba ya rangi ya shaba, na sharubu fupi mdomoni. Watu wa pale huwaita samaki wa mvua tu. Maji ya mto yakipata rangi ya udongo, samaki hao hutoka ziwani wakapanda vijito kwenda kutaga mayai kwenye changarawe ya huko juu. Sasa walikuwa wamefika kwenye zege wasijue la kufanya. Waliruka, wakajigonga, wakaanguka, wakaruka tena. Waliokufa walikuwa wamejipanga ukingoni, korongo wamesimama juu yao, na nyayo za fisi maji zilikuwa kila mahali kwenye tope. Harufu ilinifanya nishike pua. Nilitazama juu, ng'ambo ya ukuta, ambako mama yule alikuwa na zizi lake. Maji ya huko yalipita taratibu, yakionyesha kila jiwe.

Mpimaji alinieleza akiwa amechuchumaa, na sikuwa nimewahi kumsikia akisema mambo mengi hivyo kwa mpigo. Kila kitu mtoni huteremka, alisema. Udongo, majani, mbolea, vyote vinakwenda chini, na huko juu mto ungebaki maji na mawe matupu. Samaki huyu ndiye anayerudisha. Hula ziwani akanenepa, akaupandisha unono huo hadi vilimani ndani ya mwili wake, na huko huuacha: kwa mkojo na choo chake, kwa mayai yake, kwa mizoga ya wanaokufa na wanaoliwa. Mawe huota utelezi wa kijani, wadudu hula utelezi, na vifaranga vya samaki vikianguliwa hukuta meza imeandaliwa. Ukuta ulikuwa umesimamisha msafara wote mahali pamoja. Rutuba iliyokusudiwa kulisha kijito cha maili kadhaa ilikuwa inamwagwa kwenye dimbwi moja, wiki tatu kila mwaka, chini kabisa ya kipimo. Chupa ya kijani aliichota dimbwini ile Jumapili. Ile nyeupe aliichota juu ya ukuta, palepale maji yanapotoka kupita zizi. Alizianika zote mbili juu ya paa lake wiki nzima, jua moja, bila kuongeza kitu. Kama kinyesi cha ng'ombe ndicho kilichoharibu mto, ile ya juu ndiyo ingekuwa ya kijani.

Mama alitukuta pale tukiwa tumeinama. Alikuwa mtu wa makamo, gambuti miguuni na leso kichwani, na alimsalimia mwenzangu akaniruka. Tulipopanda hadi kwake hakutupatia viti. Aliingia ndani akatoka na mtungi wake na vikombe viwili, akamimina maziwa, akatukabidhi kila mtu chake, akasimama. "Wewe ndiye mwenye kuandika," akaniambia. "Kunywa." Nilikuwa nimetoka kuona chupa. Nilikuwa nimeona dimbwi kwa macho yangu, na nilijua kabisa kwamba zizi lile halikuwa na kosa. Hata hivyo mkono ulinigoma. Ilikuwa kitambo kidogo sana, pengine muda wa kuvuta pumzi, lakini alikuwa ananitazama mimi na si kikombe. Mwenzangu alikunywa chake chote bila kutua. Nami nikanywa changu. Mama alichukua vikombe akasema, "Sasa umeona vile inakaa kwa ile foleni."

Alhamisi tulikaa kwenye banda la mabati la chifu, watu wamejaa hadi nje, wengi wao watu wa bomba la chini waliokuwa na hofu ya kweli juu ya maji yao. Chifu alisoma ripoti. Kisha, aibu yangu, akasoma safu yangu, neno kwa neno, na watu wakaitikia kwa vichwa. Mama alikaa mbele mikono kwenye mapaja. Mpimaji akainuka, akaweka chupa zake mbili juu ya meza, akaeleza kama alivyonieleza. Mzee mmoja alicheka akauliza tangu lini samaki akachafua maji aliyozaliwa ndani yake. Wengine wakacheka pia. Chifu hakucheka. Alimwuliza swali ambalo sote tuliokuwa na kazi za kuajiriwa tulijua lina mtego: kwa hivyo ripoti ya ofisi yake, iliyopigwa muhuri, ni ya uongo? Mtu wa ofisi yake alikuwa amekaa mstari wa pili, amekunja mikono. Nilimwona mwenzangu akiishika ile penseli kifuani, akiizungusha kwenye uzi wake.

"Namba ni za ukweli," alisema hatimaye. "Nilipima mimi. Lakini hapo chini, pale imeandikwa nani amekosa, hapo ni uongo. Na ni mimi niliandika, na hii penseli. Huyu mama hajakosea mtu."

Chifu alimwacha asimame kidogo. Kisha akanigeukia mimi na kuuliza mtu wa gazeti anasema nini. Nilisimama. Watu wote walinigeukia, na mama naye akanigeukia kwa mara ya kwanza tangu siku ya maziwa. Nikasema, "Nitaandika." Lilikuwa neno jepesi na nililisema kwa sauti. Notisi ilifutwa papo hapo.

Sasa nifike mahali ambapo nimekuwa nikipazunguka. Mpimaji alirudi ofisini Ijumaa, na kabla ya mwezi kwisha alihamishiwa stoo, akakabidhi chupa kwa mwingine, na humo stoo ndimo alimostaafia. Hakuniambia, nilisikia kwa watu. Siku zake za likizo alizitumia kijitoni. Yeye na vijana wa bomba walipanga mawe na magunia ya mchanga upande mmoja wa ukuta, ngazi kwa ngazi, ili samaki wapate pa kukanyagia, kama samaki hukanyaga, na bomba lisiguswe. Masika ya kwanza mvua ilisomba nusu ya mawe. Wakayapanga upya. Masika ya pili alinitumia ule ujumbe wa neno moja, na kila masika baada ya hapo. Aliwahi kuniambia kwa simu kwamba mawe ya mtoni juu ya zizi yameanza kuota utelezi, akasema kwa furaha ya mtu aliyepata mjukuu. Hakuwahi kuniuliza safu iko wapi. Alinitumia tu habari za mto, akidhani, nadhani, kwamba zitanisaidia kuiandika.

Sikuiandika. Kwa miaka hii nimekuwa nikiwaambia wanaoniuliza kwamba mhariri hakuwa na nafasi, kwamba siasa zilijaa, kwamba habari ya samaki ilikuwa imepitwa. Mhariri alinipa nafasi wiki mbili tu baada ya baraza. Niliketi nikaandika juu ya mashimo ya barabara. Niliogopa kuonekana mwandishi anayekosea, nami nilikuwa nimejijengea jina la mtu wa ukweli. Kwa hivyo chifu alifuta notisi, lakini gazeti halikufuta kitu, na kituo cha maziwa hakisomi notisi za chifu. Maziwa ya mama hayakurudi kwenye kile kituo. Aliuza ng'ombe wawili, akabaki akiuzia majirani wachache kwa kikombe.

Nimefikiri sana juu ya jambo hili wiki hii. Tunaishi mahali ambapo karibu kila kitu huteremka. Malori hushuka kutoka Elburgon yamejaa mbao yakapanda matupu. Ripoti pia huteremka: hutoka ofisini, zikapita gazetini, zikafika kwa chifu, zikamwangukia mtu aliyesimama chini kabisa, tena kwa kasi, bila kusukumwa na mtu. Lakini ukigundua kwamba aliyeangukiwa hakuwa na kosa, hakuna mkondo wa kurudisha habari hiyo juu. Lazima mtu aibebe mwenyewe, dhidi ya maji, akijua kuna ukuta mbele. Yeye aliibeba hadi pale ilipomgharimu kazi aliyoipenda. Hatua iliyobaki ilikuwa ndogo, nayo ilikuwa yangu.

Nilifika mazishini kichwa kimenyolewa vibaya. Kabla ya kuinuliwa jeneza, kaka yake alisimama akaomba kwamba kama kuna mtu aliyekosewa na marehemu, amsamehe. Watu wakaitikia kwamba wamemsamehe. Nilisubiri, ingawa najua hakuna utaratibu wa sisi tuliomkosea yeye. Tuliporudi nyumbani kwake kutoa pole, niliona nje, karibu na jiko la wanawake, mtungi wa maziwa niliokuwa nimewahi kuuona. Mama yule alikuwa ametoka Gilgil nao, maziwa ya chai ya wafiwa, na alikuwa akisaidia kumimina. Amezeeka kidogo. Alinijua. Alinijazia kikombe cha maziwa akanipa mkononi, na nilipokuwa nakunywa akasema kwa sauti ya kawaida, bila chuki yoyote ambayo ningeweza kuishika, "Kila mvua alikuwa ananiambia utaandika. Mimi nilikuwa nimeacha kungoja. Yeye hakuacha."

Wahenga walisema kawia ufike. Hawakusema utamkuta nani ukifika, na mimi nimechelewa kwa mtu mmoja. Kama ninalo funzo la kumpa msomaji ni hili: ukimwangushia mtu kosa lisilo lake, usingoje mkondo ugeuke, maana hautageuka. Panda nalo mwenyewe, leo, hata kama ni kwa aibu. Na ili nisiwe nahubiri tu, haya ndiyo maneno niliyoahidi kwenye banda la chifu. Mwenye zizi lililo juu ya ukuta, nyuma ya Gilgil, hakuchafua mto. Niliandika kwamba aliuchafua, nikakosea, na nilijua kwamba nimekosea kabla ya wiki mbili kwisha. Maziwa yake ni safi. Nimeyanywa mara mbili.